Kwenda Ruti Kuwasikiliza Wagombea wa Amerika

Nilikwenda Mbarara kwa sababu ya shamba. Ninyi ndugu mliobaki kule milimani kwetu Kivu mliniuliza kwa simu nilikuwa natafuta nini nyumbani kwa mwanajeshi wa Uganda hata nikalala huko. Nilicheka tu, nikasema nitaandika. Sasa naandika. Nikikosea fasi yoyote, mahali popote, mnisamehe. Nilifika mwaka wa pili wa sekondari, na hata huo, vita haikuniacha niumalize.

Shamba lenyewe liko nyuma ya Misiera, hapa kambini Nakivale, kwenye mteremko wenye mawe mengi. Lilikuwa la Mama Riziki, mjane wa kanisa letu, mwenye watoto wanne. Faili yake ya kwenda Amerika ilitembea miaka mingi toka ofisi hii mpaka ofisi ile. Walimpiga picha, wakamchukua alama za vidole, wakamwuliza habari zilezile mara tano. Mwisho, mwanzo wa mwaka jana, akapewa siku ya kupanda ndege.

Mnajua desturi yetu. Mtu anayeondoka hagawi vitu vyake kimyakimya. Anaita wanakwaya na majirani, vitu vinatandazwa kwenye mkeka mbele ya nyumba, pasta anaviombea, na kila mtu anachukua chake watu wakiona. Kitu kilichoombewa namna hiyo hakiombwi tena. Kukiomba ni sawa na kusema mbele ya kanisa kwamba maombi yalikuwa ya bure. Mimi siku ile nilipewa jembe, na pamoja na jembe nikapewa shamba. Siku tisa baadaye ikaja habari kwamba rais mpya wa Amerika amesimamisha safari zote za wakimbizi.

Tangu hapo Mama Riziki analima vibarua kwenye mashamba ya watu. Mara mbili alilima kwenye lile lake, nami nikamlipa unga. Naandika hili mapema ili msije mkafikiri nimelificha.

Kuna la pili. Kila Jumapili, ibada ikiisha, pasta hunipa dakika kumi za kueleza mambo ya Amerika. Nilianza kusikiliza maneno hayo kwenye simu kwa sababu ya Afande Katungi, mwanajeshi wa Uganda ambaye zamani alikuwa kazini karibu na kambi yetu na alikuwa akinunua unga, ambao wao huuita posho, na maharage kwangu. Yeye ndiye aliyenionyesha kipindi cha mtangazaji mmoja wa upande wa wahafidhina, yaani wale wanaotaka mambo ya kanisa, ya ndoa na ya jamaa yabaki kama wazee walivyoyaacha. Nilikipenda kile kipindi. Bado nakipenda. Mtu anaongea juu ya Mungu bila haya, anatetea mtoto aliye tumboni, anasema baba asimamie nyumba yake. Sisi Waprotestanti wa Kivu ya Kusini tunaamini hivyohivyo.

Daftari langu nililigawa hivi: ukurasa wa kushoto yanayotufurahisha, wa kulia yasiyotufurahisha. Nilitaka haki. Lakini mwaka ule wa uchaguzi wao, kushoto kulijaa mpaka pembeni, na kulia kulibaki kweupe. Kanisa likasikia habari za kushoto tu. Tukafunga Jumatano tatu kwa ajili ya mgombea urais wa wahafidhina hao. Akashinda, tukaimba.

Basi mwezi uliopita, pale soko la Base Camp hapa kambini, ikazuka habari nyingine. Kwamba uchaguzi wao wa wabunge unakaribia, na mgombea mmoja mwanamke, mhafidhina, amesema wakristo wanaoteswa wafunguliwe mlango. Watu walikuwa wanaisimulia karibu na magunia ya mahindi kama vile wao ndio waliokuwa wamekaa naye. Jioni Mama Riziki akaja dukani kwangu. Hakununua kitu.

“Baba Neema, banasema kule Amerika banataka kufungulia bakristo mulango. Ni kweli?”

“Nami nimesikia hivyo sokoni, Mama.”

“Sokoni nami nilikuwa. Weye ndiyo unasikilizaka bale batu. Mvua iko karibu. Niambie: nitafute fasi ya kulima, ao ningojee ndege?”

Hakusema nimrudishie shamba. Hawezi kusema. Nilimwambia nitauliza vizuri, nimpe jibu kabla ya mbegu kuingia chini. Alipoondoka, mke wangu Mama Neema akatoka nyuma ya pazia, mikono ina unga.

“Ukimwambia angojee, shamba inabaki kwetu. Ukimwambia alime, inaenda. Na masikio ile ile ndiyo utaenda kusikilizia?”

“Nitajaribu kusikia kweli.”

“Jaribu. Lakini nami sikutoa mawe mule bure.”

Ndiyo maana nikaamua nisisikilize peke yangu. Kizungu changu kinafika magotini tu. Cha Afande kinafika shingoni.

Jumatatu, saa moja asubuhi, nilikuwa Base Camp nikiwa na daftari, kitambulisho cha ukimbizi, na kilo mbili za maharage ya zawadi. Nilipata nafasi mbele ya pikapu inayopeleka mahindi mjini. Dereva, Mnyankole mmoja mnene na mpole, hakuongea Kiswahili kingi. Aliniambia tu “kaa, muzee,” akafungua redio ya Kinyankole, tukaenda. Barabara ya vumbi inapanda na kushuka. Ukitoka kwetu unaona mahindi makavu na nyumba za udongo. Kidogo kidogo vilima vinabadilika vinakuwa vya migomba, kijani mpaka juu kabisa. Kila ninapopita pale nasema moyoni, hawa watu walikuwa na nafasi ya kukataa tusiingie, na hawakukataa.

Saa tatu hivi, karibu na Isingiro, polisi wakasimamisha pikapu. Askari kijana akageuza kitambulisho changu mara mbili.

“Wewe nakwenda Mbarara kufanya nini?”

“Kusikiliza siasa, afande.”

“Siasa gani?”

“Ya Amerika.”

Akamtazama dereva, akanitazama mimi. “Ya hapa umemaliza?”

Wote wakacheka, nami nikacheka. Akanirudishia kitambulisho. Lakini swali lake lilikaa na mimi mpaka lami. Kweli, mtu asiyepiga kura Congo, wala Uganda, wala Amerika, anafanya nini na wagombea? Niliandika kwenye daftari: huenda nasikiliza kwa sababu ni fasi pekee ambayo wanaongea habari zangu hata kama hawanijui. Halafu nikafuta “hata kama hawanijui,” maana sikuwa na hakika. Halafu nikairudisha.

Saa tano nilikuwa Mbarara. Nilivuka mji kwa miguu mpaka daraja la mto Rwizi, magari ya maziwa yakinipita, na malori makubwa yanayokwenda njia ya Kabale. Ruti iko ng'ambo ya mto, upande wa njia hiyo ya Kabale. Afande Katungi amejenga huko nyumba ya vyumba vitatu, kwa maana mkewe alichoka kukaa ndani ya kambi ya jeshi. Aliniona toka mbali.

“Muzee wa Posho! Kumbe wewe bado nakula chumvi? Kuja, kuja kaa!”

“Nimekuja, afande. Habari ya siku nyingi?”

“Muzuri. Hii tumbo tu ndiyo naongezeka.” Akamwita mkewe. “Mama Patience! Ile mutu ya maharage imefika, na maharage yenyewe!”

Mama Patience alinipokea kwa mikono miwili, akaniuliza mke, watoto, kanisa, mvua. Akaleta chai ya maziwa matupu. Nilikaa kidogo ndipo nikaeleza shida, lakini nilieleza nusu. Nilisema kuna mama mjane anataka kujua kama mlango utafunguliwa. Habari ya shamba sikuitaja.

Saa nane mchana Afande aliunganisha simu na televisheni, tukakaa watatu. Kipindi kilikuwa cha siku chache nyuma. Mtangazaji yule ninayemjua kwa sauti, sasa nikamwona: mtu wa makamo, tai nyekundu, kikombe mezani. Alikuwa na wagombea watatu wa upande wake. Afande alikuwa anasimamisha kila baada ya maneno kadhaa, ananitafsiria, mimi naandika.

Wa kwanza alikuwa mfugaji wa ng'ombe. Aliongea juu ya maombi shuleni, juu ya kodi inayowalemea wakulima, na kwamba nchi ilishe kwanza watu wake wenye njaa. Mtangazaji hakumwachia: alimwuliza mbona chama chao wenyewe kinatumia hela ovyo kikiwa kimepata serikali. Nilipenda hapo. Mtu anayekaripia nyumba yake mwenyewe naweza kumsikiliza. Niliandika kushoto.

Wa pili ndiye yule mama aliyesimuliwa sokoni. Mtoto wa pasta, amezaa watoto sita. Alipoanza kusema juu ya wakristo wanaochomewa makanisa, sauti yake ilitetemeka, na watu kwenye ukumbi wakasimama kupiga makofi. Nami, nasema kweli, machozi yalinijia. Nilianza kuandika kushoto kwa haraka. Afande akainua mkono.

“Ngoja, Muzee. Bado.”

Mtangazaji alikuwa anamwuliza swali: je, hao watu waletwe Amerika? Yule mama akajibu polepole. Afande akasimamisha picha, akatafsiri bila kunitazama.

“Yeye nasema hapana. Nasema wasaidiwe kule kule kwenye wanakaa. Amerika imechoka, kwanza irudishe nguvu. Baadaye, pengine, wataangalia.”

“Pengine?”

“Pengine. Hiyo ndiyo neno yake.”

Kalamu ilikuwa imekwisha kufika mwisho wa mstari wa kushoto. Sokoni kwetu habari ilikuwa imefika mpaka pale kwenye makofi, ikakatika, na mlango watu wakauongeza wenyewe.

Wa tatu alikuwa mwanajeshi wa zamani, na Afande akakaa wima kwenye kiti. Huyo alisema nchi isiyojua nani anaingia si nchi, na kila anayeingia ajulikane kwanza.

“Hii mutu mimi napenda kabisa,” Afande akasema. “Yeye hapana zunguka. Mimi nauliza wewe: nyumba yako iko na mulango?”

“Iko.”

“Wewe naacha wazi kila mutu naingia?”

“Hapana, afande. Nafunga.”

“Basi! Hiyo ni chuki?”

“Siyo chuki. Lakini Mama Riziki walimwuliza mara tano, wakamchukua mpaka alama za vidole. Anajulikana kuliko mimi ninavyojijua. Na pia, afande, samahani, mimi mwenyewe niko ndani ya nyumba yako, hii Uganda. Nimelala humo miaka kumi na mbili.”

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba baba yake naye alikimbilia Tanzania wakati wa vita za hapa, akalala kwa nyumba za watu. “Lakini alirudi, Muzee. Mutu narudi kwao.”

“Nasi tungependa kurudi.”

“Mimi najua.”

Tukaacha hapo. Sitawaambia kwamba nilimshinda, wala kwamba alinishinda. Neno lake la mlango ni la haki, na langu la vidole ni la haki, na yote mawili yalibaki yamekaa pale mezani kati ya vikombe. Tena niseme: wagombea wa upande wa pili hatukuwasikiliza, basi siwezi kuwahukumu. Najua tu kwamba upande huo ulipokuwa na serikali, faili ya Mama Riziki ililala vilevile miaka kadhaa kabla ya kuamka.

Mama Patience alikuwa amekaa akimenya ndizi za matoke. Sasa akauliza:

“Huyo mama yako, amepanda nini?”

“Bado hajapanda.”

“Mvua nakuja wiki hii, na nyinyi munaangalia TV?”

“Hana fasi ya kupanda, nyabo,” nikamjibu kwa neno la heshima la kwao.

“Shamba yake iko wapi?”

Nilitazama kikombe changu. Nikasema: “Iko kwangu.”

Nikawaeleza yote, mkeka, maombi, jembe. Afande akachukua daftari, akafungua kurasa za mwaka ule wa uchaguzi. Kulia kweupe, kulia kweupe, kulia kweupe.

“Muzee. Hii mutu mwaka muzima hapana sema kitu mbaya hata moja?”

“Alisema. Alisema watazuia wakimbizi.”

“Wewe hapana sikia?”

“Nilisikia.”

Hilo sijawahi kulisema kwa mtu. Nililisikia vizuri, hata kwa Kizungu changu cha magotini. Nilijiambia anaongea juu ya wale wanaoruka ukuta wa mpaka wao, siyo sisi wenye namba za faili, sisi watu wa maombi. Mtu anayependa kanisa hivyo, niliwaza, anatupenda sisi pia, maana kanisa ni sisi. Na nikaacha ukurasa mweupe ili Jumapili isiharibike. Kama ningesema, pengine Mama Riziki asingegawa shamba mapema vile. Angengoja mpaka siku ya mwisho. Pengine angegawa tu. Sijui, na kutojua kwenyewe ndiko kunanisumbua.

Afande hakucheka safari hii. “Kama mimi ni jaji, wewe hapana leta ushahidi. Wewe nakula faida kwa hii kesi.”

“Ndiyo maana nimekuja kwako.”

“Leta kalamu.”

Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwenye ukurasa wa kulia, kwa Kiingereza, maneno yote ya yule mama mgombea, swali na jibu, mpaka ile “pengine.” Akaweka jina na cheo chake chini, kama ripoti ya jeshi.

Nililala kwao. Jumanne asubuhi Mama Patience akanifungia mbegu za maharage kwenye gazeti. “Siyo za wewe,” akasema. “Za huyo mama.”

Njia ya kurudi niliiona fupi sana. Kuanzia Isingiro mawingu yalikuwa yameshashuka juu ya migomba, na upepo una harufu ya mvua. Nilikuwa natunga namna ya kusema, kila namna inanipendelea mimi. Nilipofika Misiera, saa tisa, sikupita dukani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Riziki, nikamkuta anachambua dengu mlangoni.

Nilimweleza kwa kufuatana: mfugaji, yule mama, makofi, swali, “pengine.” Kisha nikamweleza kurasa nyeupe za zamani. Mikono yake ilisimama kwenye ungo.

“Ulisikia tangu mwaka ule?”

“Nilisikia, Mama.”

“Na mimi nilikuwa nafunga chakula pale mbele, na tumbo yangu inalia, weye unajua?”

“Najua.”

Nikampa daftari. Nikamwambia pale ni mkono wa mtu mwingine, siyo wangu. Alilitazama kwa muda. Hasomi Kiingereza. Nilifikiri atasema haina haja, Baba Neema, nakuamini. Alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akasema: “Nitapeleka kwa mwalimu asome.” Akaondoka nalo. Niliumia, tena sana. Lakini nilipokuwa natembea kwenda nyumbani niliona kwamba hata mimi ningefanya hivyohivyo.

Mama Neema aliposikia hakupiga kelele. Aliuliza tu: “Maharage yetu ya chini, fasi ya maji maji, yenye imeanza kutoa maua, nayo inaenda?” Nikasema hayo tutaongea na mwenye shamba. Akaenda nyuma, akaleta jembe, akaliegemeza mlangoni. Alikuwa amelifuta udongo.

Jumatano kabla ya jua kuwa kali, Mama Riziki alikuja. Alinirudishia daftari kwanza.

“Mwalimu amesoma. Ni vile ulisema.” Kisha akaongeza: “Mwaka huu ulisema kweli.”

Nikatoa jembe. Hapo ndipo tulipokwama wote wawili, maana kitu kilichoombewa hakirudi, na yeye hakunyoosha mkono. Ni Mama Neema aliyetoka ndani na kutukaripia: “Kwani tunarudisha? Ile siku pasta aliomba kwa kumupa Baba Neema. Leo Baba Neema anakupa weye. Basi atakuja kuomba tena, kinywa iko yake!” Mama Riziki akacheka kwa mara ya kwanza, akachukua jembe. Juu ya maharage ya chini, wanawake hao wawili walikubaliana wenyewe wakiwa njiani, mimi sikuitwa.

Jumapili nilisoma kurasa zote mbili mbele ya kanisa, za mwaka huu na zile nyeupe za mwaka ule, ambazo nilizijaza kwa kinywa. Wazee wawili walitoka nje wakisema namchafua rais, mtu wa Mungu. Dada mmoja akaniuliza kwa ukali mbona bado nasikiliza watu waliotufungia mlango. Nilijibu kwamba mengi wanayosema nayaamini, na hilo moja linaniumiza, na sijajua jinsi ya kuyatenganisha. Pasta akawaombea viongozi wa Amerika wa pande zote bila kutaja jina. Hakutangaza kufunga.

Mvua ilikuwa imeshaanza Alhamisi. Mbegu za Ruti ziko udongoni, upande wa juu wenye mawe. Mtaniuliza nimejifunza nini. Ni kidogo: sasa nikifungua daftari, naanza kuandika na ukurasa wa kulia. Kanisani Mama Riziki hukaa benchi la pili, karibu na dirisha. Kila nikisimama na zile dakika kumi zangu, simtazami pasta tena; namtazama yeye, kuona kama anaangalia kinywa changu au anaangalia nje, kwenye mvua. Mpaka leo anaangalia kinywa changu.